Vita vya mezani bila tepu ya kupimia: vijiti, kamba, vigezo, miraba na kanuni zisizopima kabisa

Kikosi cha Kadibodi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni wetu sisi tunaocheza vita vya mezani: askari wadogo wa plastiki, wa chuma au wa karatasi, dadu, vilima vya boksi, na kanuni zinazosema kikosi hiki kinakwenda inchi 6 na bunduki ile inafika inchi 24. Michezo mingi huchukulia kwamba kila mchezaji ana tepu mfukoni. Nataka tujadili vitu vinavyoweza kuchukua nafasi yake, kwa sababu naamini kabisa kwamba kifaa cha kupimia ndicho kinachoamua mchezaji awaze nini. Ukimpa mtu tepu atahesabu inchi. Ukimpa kijiti atajiuliza kama adui yuko karibu au mbali. Ukimpa kigezo kilichopinda, yaani kipande kilichokatwa kwa umbo la njia ya kupita, atawaza ageukie upande gani. Kwa hiyo anayebadilisha kifaa anabadilisha mchezo, na inafaa ajue anaubadilisha uwe nini.

Nianze na tepu yenyewe. Tepu ya chuma ya mafundi imetengenezwa kwa akili. Ile ndoano ya mbele inayochezacheza wengi hudhani ni mbovu, kumbe imelegezwa makusudi: inasogea kwa kiasi cha unene wake, ili ukiivuta kwenye ukingo wa ubao au ukiisukuma ndani ya kona upate kipimo kilekile. Sasa sisi mezani hatuivuti wala hatuisukumi. Tunaishikilia juu ya vichwa vya askari, utepe unabonyea katikati, mmoja anasoma akiwa amesimama, mwenzake anasoma akiwa amekaa, na kila mmoja ana namba yake. Ukiishusha ili uhakikishe, inaangusha mkuki uliogundishwa jana. Kidole kikiteleza kwenye kufuli, utepe unarudi kwa kasi na kufagia mstari wote wa mbele.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hayo, na karibu kila meza nimeliona. Mtu anapima kuanzia ukingo wa mbele wa kitako cha askari wake, yaani kile kibao kidogo anachosimamia, anaona alama ya inchi 6, kisha anamnyanyua askari na kumweka huku ukingo wa nyuma ukiwa kwenye alama. Kama kitako kina milimita 32, inchi 6 zimekuwa inchi 7 na robo. Wala hakukusudia kudanganya, mkono umefanya hivyo wenyewe. Kijiti kinacholala mezani ubavuni mwa kitako hakimzuii, lakini kinawaonyesha wote wawili mwendo ulianzia wapi, na ubishi unakufa kabla haujazaliwa.

Na hili si jambo la kigeni kwenye mchezo huu. H. G. Wells, yule mwandishi Mwingereza, alipochapisha kanuni zake za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, alitaka kila mchezaji awe na vipande viwili vya kamba, kimoja cha futi 2 na kingine cha inchi 6. Askari wa miguu alikwenda futi 1 na mpanda farasi futi 2, kwa hiyo kamba ile ndefu ukiikunja nusu unapata mwendo wa mtu wa miguu. Ile fupi ilikuwa ya mizinga: mzinga haukuhesabiwa kuwa kazini mpaka wawepo askari wasiopungua 4 wa upande wake ndani ya inchi 6. Kila kamba ilikuwa na kazi inayojulikana. Hapo ndipo ninapotaka turudi.

Karibuni tuchangie. Mwenye njia yake aiweke hapa na aeleze inabadilisha nini.


DaduSita

Mkuu, bandiko limesimama. Ila mimi nacheza Warhammer 40,000 na kule inchi zimejaa: huyu anakwenda 5, yule 6, pikipiki 12, halafu mbio unaongeza dadu. Nikianza kukata vijiti nitahitaji furushi. Kwa mchezo kama huo mbadala upo kweli?


Kikosi cha Kadibodi

DaduSita, kwa mchezo huo usiitupe tepu, ila ipunguzie kazi. Chukua toleo la 10 la mwaka 2023. Kuna umbali unaojirudia mchezo mzima bila kujali jeshi lako: inchi 1 ya kuhesabiwa kuwa mmegusana na adui, inchi 2 za askari wa kikosi kimoja kukaa pamoja, na zile zaidi ya 9 ambazo lazima uache kati yako na adui unapoleta kikosi kutoka akiba. Kata vipande vitatu, cha 1, cha 2 na cha 9. Cha 1 na cha 2 viwe vipana kama kidole gumba ili uvipitishe kati ya vitako ukiwa umevilaza. Utaona tepu inakaa mfukoni kwa muda mrefu, na inatoka tu kwa mwendo na masafa ya bunduki.

Kipande cha 9 ndicho kitakachokuokolea muda mwingi kuliko vyote. Wakati mwenzako anatafuta nafasi ya kushusha kikosi chake, unakizungusha kuwazunguka askari wako na wote mnaona eneo lililofungwa. Kwa tepu ingekubidi upime kila upande upya.


Mama Ramani

Habari za humu wanangu.

Mimi nitasema kinyume kidogo. Mnazungumzia vifaa, lakini kuna kipimo kimoja mmekisahau, nacho ni jicho. Miaka ya nyuma kanuni nyingi zilikataza kupima kabla ya kuamua. Unatangaza kwanza kwamba kikosi kile kinampiga yule, ndipo unapima. Ukikuta hafiki, risasi zimepotea. Warhammer ya enzi za mapanga na mazimwi iliruhusu kupima mapema kuanzia toleo la 8 la mwaka 2010, na ile ya 40,000 ikafuata kwenye toleo la 6 mwaka 2012. Kabla ya hapo jicho lako lilikuwa silaha.

Aliyelifikisha jambo hilo mbali kuliko wote ni Mmarekani Fletcher Pratt na mchezo wake wa manowari, uliochapishwa 1940. Watu walicheza sakafuni kwa meli ndogo. Unaweka mshale wa kuonyesha mzinga umeelekea wapi, unaandika kwenye karatasi makadirio yako ya umbali, na wote wakishaandika ndipo tepu inafunguliwa kuona makombora yameangukia wapi. Hapo tepu ilikuwa hakimu tu. Mchezo wenyewe ulikuwa kwenye makadirio, jambo ambalo ndilo hasa lililokuwa kazi ya afisa wa mizinga melini. Nasikitika kwamba tumeliacha.


DaduSita

Mama Ramani, shikamoo. Huo wa meli unavutia sana. Lakini kule kwenye kukadiria, wengine walikuwa wanapima kwa mkono kiujanja, anaegemea meza, kiwiko huku, vidole kule, anajua mkono wake una inchi ngapi. Nani atamkataza mtu kuegemea meza?


Mama Ramani

Marahaba mwanangu. Ni kweli, hata ukubwa wa meza ukiujua unaweza kupiga hesabu. Kwenye mchezo wa meli haikuwa shida kubwa kwa sababu sakafu ni pana na meli hazikai kwenye mistari. Kwenye meza ya futi 4 kwa 6 nakubali, jicho linageuka kuwa hesabu ya siri, na mwenye mkono mrefu anapata faida.


Kikosi cha Kadibodi

Mama Ramani asante sana. Nakubaliana nawe kuhusu manowari na sikubaliani nawe kuhusu askari wa miguu. Ofisa wa mizinga kukosea umbali ni sehemu ya vita. Kikosi kizima cha askari kutojua kama kinaweza kuvuka uwanja ulio mbele ya macho yao, hapana.

Sasa nifike kwenye ninachokipenda mimi. Saga, mchezo wa Waviking na majirani zao uliotoka Ufaransa mwaka 2011 kwa Studio Tomahawk, hauna namba za inchi kwenye uwanja. Una vijiti vinne: mfupi sana, mfupi, wa kati na mrefu. Ukivipima ni inchi 2, 4, 6 na 12. Kila kitu kinasemwa kwa vijiti hivyo. Kikosi cha miguu kinakwenda kijiti cha kati, farasi kijiti kirefu. Hakuna anayeuliza "zimebaki ngapi?" Unaweka kijiti, kinafika au hakifiki.

Angalieni uwiano wake: 1, 2, 3, 6. Sasa tazameni Kill Team ya mwaka 2021, mchezo mdogo wa dunia ileile ya Warhammer 40,000. Nao uliachana na inchi kwenye maandishi ukaweka alama: pembetatu ni inchi 1, duara 2, mraba 3, pembetano 6. Uwiano uleule kabisa! Lakini Saga vijiti vyake vilipendwa, na Kill Team wachezaji wengi walilalamikia zile alama mpaka toleo la 2024 likarudi kwenye inchi za kawaida.

Kwa nini? Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni kwamba Kill Team walibadilisha maandishi bila kubadilisha mchezo. Kadi ilisema mwendo wako ni duara 3, yaani inchi 6. Mchezaji akiona duara 3 anazidisha kichwani, anapata 6, kisha anapima inchi 6. Umemwongezea hatua moja ya hesabu na hujamwondolea chochote. Saga yeye alisema mwendo ni kijiti kimoja, kimekwisha. Kijiti kinafaa pale tu jibu linapokuwa kijiti chenyewe. Ukianza kusema vijiti vitatu na nusu, rudi kwenye tepu.


DaduSita

Hapo nimekuelewa mkuu. Ila napoteza kitu. Tofauti ya askari mwenye mwendo wa 5 na mwenye mwendo wa 6 ndiyo inayotofautisha askari na askari. Ukiwa na vijiti vinne wote wanakuwa sawa.


Kikosi cha Kadibodi

Ni kweli unapoteza hiyo, na ndiyo bei yake. Mchezo wa vijiti unawatofautisha askari kwa njia nyingine: nani anaweza kutumika mara mbili kwa zamu moja, nani anachoka, nani anapata dadu nyingi. Kama mchezo wako umejengwa juu ya tofauti ya inchi moja, usiubadilishe kwa nguvu.


Rubani wa Boksi

Wakuu, niingie kwenye vigezo, maana huku ndiko tepu inashindwa kabisa.

Ndege haigeuki papo hapo kama askari. Ukitaka kupima kona ya ndege kwa tepu utapinda utepe, utakadiria, mtagombana. Waitalia Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia walilimaliza mwaka 2004 kwa mchezo wa Wings of War, ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwendo ni kadi. Juu ya kadi umechorwa mshale, ulionyooka au uliopinda. Unapanga kadi tatu kifudifudi, mwenzako naye tatu, kisha mnafunua moja moja kwa pamoja. Unaigusisha kadi mbele ya ndege yako, unaihamisha ndege mpaka kwenye ncha ya mshale, basi. Hakuna namba wala kusoma alama. Na kwa kuwa mlipanga bila kuonana, mnapishana hewani jinsi marubani wanavyopishana.

Wazo hilo likaingia X-Wing, mchezo wa vyombo vya angani vya Star Wars, mwaka 2012, safari hii kama vipande vya boksi gumu: vilivyonyooka kwa kasi 1 hadi 5, vilivyopinda kidogo na vinavyokata kona. Hapa kuna jambo dogo la ustadi. Kitako cha chombo kina vijino mbele na nyuma. Unaingiza kigezo kati ya vijino vya mbele, unakishika kisitikisike, unanyanyua chombo na kukirudisha huku vijino vya nyuma vikikumbatia mwisho wa kigezo. Maana yake lile kosa alilolisema mleta uzi, la kupima mbele na kuweka nyuma, humu limefanywa kuwa kanuni! Kigezo cha kasi 1 kina milimita 40, kitako kidogo kina milimita 40, kwa hiyo chombo kinasogea milimita 80. Kila mtu anapata nyongeza ileile, kila mara, na haiwezekani kukosea.

Star Wars: Armada ya 2015 ina meli kubwa nzito, nayo ikaja na kifaa kimoja kirefu chenye viungo. Kila kiungo unakibofya kushoto au kulia kulingana na meli yako na kasi yake inavyoruhusu. Meli ndogo inaukunja mstari, meli kubwa inalazimika kwenda karibu moja kwa moja. Mkononi tu unaisikia tofauti ya uzito.

Na kwa asiye na hela kuna Gaslands ya mwaka 2017, vigari vya kuchezea vya watoto vinavyokimbizana na kupigana. Vigezo vyake unavikata kwenye boksi. Utamu wake ni kwamba kigezo kirefu kilichonyooka kinakufikisha mbali lakini kikigonga ukuta umegonga, ukishakigusa hukirudishi. Macho ndiyo yanachagua kigezo, ila ukishachagua kigezo ndicho kinachotawala. Mama Ramani, nadhani ule ustadi wa jicho unaoulilia umehamia huku.


Mama Ramani

Rubani, umenipa cha kufikiri, na nakubali. Kuchagua kigezo kabla hakijagusa meza ni makadirio halisi.

Basi nami niseme kuhusu miraba, maana jina langu linanidai. Kila aliyecheza drafti anajua raha ya ubao wenye vyumba: upo kwenye chumba hiki au kile, hakuna katikati. Vita vya mezani navyo vimekwenda njia hiyo zamani. Charles S. Roberts alitumia miraba kwenye Tactics mwaka 1954, na kufikia 1961 kampuni yake ya Avalon Hill ilikuwa inatoa Gettysburg yenye pembesita. Hiyo ni michezo ya ramani na kete za karatasi, lakini vinyago vikafuata: BattleTech mwaka 1984, Memoir '44 mwaka 2004.

Shida ya mraba ni mshazari. Kutoka katikati ya mraba mmoja kwenda wa jirani ni kipimo 1, lakini kwenda wa kwenye kona ni 1.41. Ukiruhusu mshazari uhesabiwe 1, wapanda farasi wote wataanza kwenda mshazari kwa sababu ni bure. Ukiukataza, kikosi kinatembea kwa ngazi. Dungeons & Dragons, toleo la 3.5 la 2003, walitafuta njia ya kati: mshazari wa kwanza 1, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne 2. Kwa mishazari miwili unalipa 3, na umbali wa kweli ni 2.83. Inatosha kabisa kwa mezani.

Pembesita inaondoa shida hiyo maana jirani zote sita ziko umbali mmoja. Lakini jaribu kupanga mstari wa askari wa zamani, bega kwa bega, kwenye pembesita: upande mmoja mstari unanyooka, upande mwingine unakuwa na meno. Kwa hiyo mimi kwa vifaru na majahazi ya kivita natumia pembesita, kwa safu za mikuki natumia miraba. Simon Miller alifanya hivyo kwenye To the Strongest! ya 2014: majeshi ya kale, uwanja wa miraba, hakuna kupima chochote.

Wanaosema miraba inaharibu sura ya uwanja, wasichore mistari. Weka nukta ndogo kwenye kona za miraba tu, au kokoto, au kichaka. Ukisimama hatua chache nyuma huioni, ukikaa kucheza unaiona vizuri.

Na kwa vita vya maghorofani kuna Deadzone ya mwaka 2013. Uwanja wa futi 2 kwa 2 umegawanywa miraba 8 kwa 8, kila mmoja inchi 3, halafu miraba hiyo inapanda juu kuwa michemraba. Mtu aliye ghorofa ya pili yuko kwenye mchemraba wake. Hebu fikiria kupima hapo kwa tepu, kupanda ngazi na kupita dirishani.


Kikosi cha Kadibodi

Mama, hilo la nukta za kona nalichukua.

Kuna njia mbili zimebaki ambazo kwangu ndizo safi kuliko zote. Ya kwanza ni kutumia kitako chenyewe kama kipimo. DBA, kanuni fupi za majeshi ya kale zilizotoka mwaka 1990, kila upande una vipande 12 tu, yaani vitako 12 vyenye askari juu yake. Mwanzoni zilihesabu hatua za kijeshi ambazo ilibidi uzigeuze kuwa inchi au milimita kulingana na ukubwa wa askari wako. Toleo la 3 la mwaka 2014 likasema yaishe, kipimo ni upana wa kitako. Askari wa mikuki wanakwenda vitako 2, farasi wepesi 4, upinde unapiga vitako 3. Mwenye askari wa milimita 15 ana vitako vya milimita 40, mwenye wakubwa ana vya milimita 60, na mwenye askari wa karatasi aliowakata mwenyewe ana upana wowote anaoutaka. Kanuni hazibadiliki hata herufi. Ukipoteza kijiti, chukua kipande kilichokufa kikae pembeni ya meza na ukitumie kupimia.

Ya pili ni kutopima kabisa. Crossfire ya Arty Conliffe, mwaka 1996, Vita vya Pili vya Dunia. Kikosi chako kinakwenda mbali utakavyo kwa mstari ulionyooka, na kinaendelea mpaka adui anayekiona akipige. Masafa ya bunduki ni "unamwona au humwoni". Hakuna hata zamu za kawaida: unaendelea kucheza mpaka ushindwe jambo, ndipo mwenzako anachukua hatamu. Mchezaji anaacha kabisa kuwaza inchi, anawaza ukuta, mfereji, kichaka, dirisha gani linatazama barabara gani. Ina sharti moja zito, nalo ni kwamba meza lazima ijae: majengo, nyua, miti, vilima. Ukiicheza kwenye meza iliyo wazi haichezeki.

Hapo ndipo hoja yangu ya mwanzo inapoonekana wazi kuliko popote. Wameondoa kifaa, na mchezaji amelazimika kutazama uwanja.


Mgeni wa Meza

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi ndiyo naanza, sina hela ya vijiti vya akriliki wala vigezo vya dukani. Pia macho yangu hayaoni vizuri, mistari midogo ya tepu inanitesa. Nianze na nini?


Kikosi cha Kadibodi

Karibu sana, na hiyo ya macho ni sababu tosha ya kuachana na tepu.

Chukua karatasi ya A4. Urefu wake ni sentimita 29.7, na inchi 12 ni sentimita 30.48, kwa hiyo tofauti haifiki hata sentimita moja. Ikunje nusu, una kama inchi 6. Ikunje tena, una kama inchi 3. Kwa kuwa wewe na mwenzako mnatumia karatasi ileile, ile tofauti haimwonei mtu. Cheza mchezo mmoja hivyo kwanza, ujue ni umbali gani unautumia mara nyingi.

Ukishajua, kata vya kudumu. Vijiti vya mishikaki vinafaa, ila kata ncha. Vizuri zaidi ni mabaki ya plaiwudi au akriliki kutoka kwa mafundi wa mabango. Vipande vya upana wa sentimita 1 wao huvitupa. Kata sentimita 5, 10, 15 na 30, uwiano uleule wa Saga. Kwa ajili ya macho, usiandike namba. Kwaruza ukingo kwa kisu: cha 5 mkwaruzo mmoja, cha 10 miwili, cha 15 mitatu, cha 30 acha wazi, urefu wake unajitaja. Utavijua kwa kidole bila kuvitazama. Usitumie kamba ya katani kwa kupimia, inanyumbuka, na kila anayeivuta ana nguvu zake. Ukitaka kitu kinachopinda kufuata njia ya kona, tunga shanga za ukubwa mmoja kwenye mshipi wa kuvulia, kila baada ya kipimo fulani weka shanga kubwa zaidi. Hiyo nayo inahesabika kwa vidole.

Jambo jingine la kukupunguzia kazi: mpime kiongozi wa kikosi peke yake. Star Wars: Legion ya mwaka 2018 ndivyo inavyofanya. Kiongozi anasogezwa kwa kigezo, wengine unawaweka kumzunguka ndani ya umbali mfupi uliowekwa. Kikosi cha watu saba kinapimwa mara moja. Hata kama kanuni zenu hazisemi hivyo, mkikubaliana wawili mnaweza kucheza hivyo.


Mgeni wa Meza

Asante mno mkuu. Rubani wa Boksi, nami navutiwa na ndege. Vigezo vya kona navichoraje mwenyewe bila kununua?


Rubani wa Boksi

Rahisi sana. Unahitaji boksi gumu, pini, uzi usionyumbuka na penseli. Chomeka pini, funga uzi, chora tao la nusu kipenyo cha sentimita 5, kisha jingine la sentimita 7 kutoka kwenye pini ileile. Kati yake una njia yenye upana wa sentimita 2. Ikate robo ya duara, nyuzi 90. Hiyo ni kona kali. Urefu wa mstari wa katikati yake ni sentimita 9.4.

Kwa kona ya taratibu, chora matao ya sentimita 11 na 13, na ukate nyuzi 45 tu. Nusu kipenyo cha katikati kimekuwa mara mbili, pembe imekuwa nusu, kwa hiyo urefu wa mwendo ni uleule 9.4. Kisha kata kipande kilichonyooka cha sentimita 9.4. Sasa una vigezo vitatu vya kasi moja: moja kwa moja, kupinda na kukata kona, na ndege inakwenda umbali uleule kwa vyote vitatu. Ukitaka kasi ya juu zaidi, ongeza nusu kipenyo na uache pembe zilezile.

Miisho ya vigezo ikate ikielekea kwenye pini, siyo kwa kukadiria, la sivyo ndege itakaa upande kila ikigeuka. Kwenye kila mwisho chora mstari wa katikati, na kwenye kitako cha ndege chora mstari kama huo mbele na nyuma. Mistari ikikutana, ndege imekaa sawa. Kabla ya kugundisha chochote, weka kona kali nne mfululizo mezani: zinatakiwa zifunge duara. Kama mwisho wa ya nne haukutani na mwanzo wa ya kwanza, pembe zako hazijafika 90, kata upya.